Uhandisi au Sayansi ya Kompyuta: Mambo ya Kusoma Kabla ya Kuchagua kwa Waombaji wa Shinyanga na Geita

Kila mwaka, muda mfupi baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania kutangaza matokeo ya Kidato cha Sita, dirisha la udahili wa shahada ya kwanza hufunguliwa. Vijana waliosoma tahasusi za sayansi huwa na wiki chache tu za kufanya uamuzi utakaowafuata kwa miaka mingi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita uamuzi huo una uzito wa pekee. Kijana wa Msalala amekua akiyaona mabasi ya wafanyakazi yakielekea Bulyanhulu. Wa Geita mjini amekua na mgodi pembeni ya mji, na wa Kishapu amezaliwa jirani na Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Si ajabu kwamba wazo la kwanza la wengi wao ni uhandisi wa madini, na la wengine, waliozoea simu na kompyuta, ni shahada yoyote yenye neno kompyuta.

Mawazo yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, jina la shahada peke yake halimwambii mwombaji kama ana sifa za kudahiliwa, atasoma miaka mingapi, kama atasajiliwa kuwa mhandisi, wala atafanya kazi gani iwapo mgodi wa jirani utafungwa. Majibu ya maswali hayo yanapatikana katika nyaraka za umma ambazo zipo wazi kwa kila mtu, na ni vema zikasomwa kabla ya kulipa ada ya maombi.

Waraka wa kwanza ni mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka badala ya kupitia mfumo mmoja wa pamoja. Utaratibu huo umempa uhuru, lakini pia umemwachia jukumu la kupima mwenyewe kama sifa zake zinatosha. Mwongozo huwa na sehemu mbili: mmoja kwa waliomaliza Kidato cha Sita, mwingine kwa wenye stashahada na sifa nyingine zinazolingana. Kwa kila programu ya masomo unataja chuo, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi.

Kigezo cha chini kwa mwombaji wa Kidato cha Sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0. Daraja A lina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Watu wengi huishia hapo na kujumlisha masomo yote matatu ya tahasusi. Kanuni haisemi hivyo. Pointi zinazohesabiwa ni za masomo mawili yanayoelekeza udahili wa programu husika, na masomo hayo hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine.

Chukua mfano wa mwombaji wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati aliyepata B ya Kemia, D ya Fizikia na E ya Hisabati. Akijumlisha yote anapata pointi 7 na kujiona yuko salama. Lakini akiomba programu ya uhandisi ambayo masomo yake elekezi ni Hisabati na Fizikia, anabaki na pointi 3, na maombi yake hayawezi kupita hata kama nafasi zipo. Mwombaji huyohuyo, akiomba programu ambayo mwongozo wake unahesabu Kemia pamoja na Fizikia, ana pointi 6. Matokeo ni yaleyale. Tofauti iko katika mstari mmoja wa mwongozo. Familia imelipa ada ya maombi kwa vyuo vitatu, kijana anasubiri awamu ya kwanza, kisha ya pili, na sababu ya kukosa ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza.

Kwa ujumla, programu nyingi za uhandisi wa ujenzi, umeme, mitambo na kompyuta huegemea Hisabati ya Juu na Fizikia. Uhandisi wa kemikali na ule wa uchenjuaji wa madini huipa Kemia nafasi kubwa zaidi. Sayansi ya kompyuta mara nyingi hutaka Hisabati ya Juu pamoja na somo jingine, na baadhi ya vyuo huwakubali wasio na Hisabati ya Juu kwa sharti la kuwa na ufaulu wa Hisabati ya ngazi ndogo, ambayo wanafunzi huiita BAM, au ufaulu mzuri wa Hisabati ya Kidato cha Nne. Masharti haya hutofautiana kati ya chuo na chuo, hivyo aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia hapaswi kukata tamaa wala kujipa matumaini kabla ya kusoma sharti la chuo husika. Ikumbukwe pia kwamba kufikisha pointi 4.0 ni ruhusa ya kushindana tu. Programu yenye nafasi chache na waombaji wengi huchukua wenye ufaulu wa juu kwanza.

Miaka mitatu, miaka minne na usajili

Shahada za uhandisi nchini husomwa kwa miaka minne. Shahada ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya miaka mitatu, ilhali uhandisi wa kompyuta na teknolojia ya habari chuoni hapohapo ni wa miaka minne. Mwaka mmoja wa ziada ni ada, malazi na chakula, na kwa mnufaika wa mkopo ni deni kubwa zaidi. Lakini mwaka huo una jambo nyuma yake.

Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) na kuzuia mtu asiyesajiliwa kufanya kazi kwa cheo cha mhandisi. Mhitimu wa shahada ya uhandisi inayotambuliwa na Bodi husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi wa wahandisi wenye uzoefu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi imekuwa ikiendesha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, ambao huchukua miaka mitatu. Kwa hesabu hiyo, anayeingia chuo leo kusomea uhandisi anahitaji takriban miaka saba kufikia cheo cha mhandisi mtaalamu, nayo ni miaka ya kupanga tangu sasa.

Mhitimu wa sayansi ya kompyuta hana njia hiyo, wala haihitaji. Anaweza kuajiriwa au kujiajiri mara anapohitimu, na kinachomtambulisha mara nyingi ni kazi aliyokwisha kuifanya. Tume ya TEHAMA husajili wataalamu wa fani hiyo, lakini huo ni utaratibu tofauti na wa wahandisi. Tatizo huanza pale mwombaji anapodhani kwamba shahada yoyote ya kompyuta itampa cheo cha mhandisi. Kabla ya kuchagua kati ya sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa programu za kompyuta na mifumo ya habari, ni busara kuuliza chuo, na kuihakiki Bodi yenyewe, kama shahada hiyo inatambuliwa kwa usajili. Jibu la "inatambuliwa" na jibu la "haitambuliwi" yote yanaweza kumfaa, ilimradi alijue mapema.

Tofauti ya maudhui nayo si ndogo. Sayansi ya kompyuta ina hisabati nyingi kuliko wengi wanavyotarajia: mantiki, takwimu, namna ya kupanga hatua za kutatua tatizo, na uandishi wa programu za kompyuta. Uhandisi wa kompyuta huongeza umeme, saketi na vifaa vyenyewe. Mifumo ya habari huhusu zaidi namna taasisi zinavyotumia taarifa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya masomo ya kompyuta yenye programu nyingi, ikiwemo ya usalama wa mtandao. Aliyeipenda kompyuta kwa sababu ya kutengeneza simu zilizoharibika katika kibanda cha Kahama pengine anafaa zaidi kwenye elektroniki au mawasiliano ya simu kuliko kwenye sayansi ya kompyuta, ambako hatagusa kifaa kwa muda mrefu.

Mgodi una kazi nyingi, na una mwisho

Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia ukomo wake mwaka 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 2009 alikuwa bado hajafanya mtihani wa Kidato cha Sita mgodi ulipofungwa. Eneo hilo sasa linaandaliwa kwa matumizi mengine ya kiuchumi, na waliokuwa wameajiriwa pale walihitaji ujuzi unaoweza kuhamishika. Miaka saba ya kumfikisha kijana kwenye cheo cha mhandisi mtaalamu ni zaidi ya nusu ya umri wote wa uzalishaji wa mgodi ule.

Mfano huo hauifanyi fani ya madini kuwa chaguo baya. Dhahabu ya ukanda huu bado ipo. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, umehamishia sehemu ya uchimbaji wake chini ya ardhi, na kazi ya chini ya ardhi huhitaji wahandisi wanaojua kupitisha hewa safi, kuzuia miamba isiporomoke na kupanga milipuko katika nafasi finyu. Bulyanhulu, ambao kwa sasa unamilikiwa kwa ubia ambapo Serikali ina asilimia 16 kupitia Kampuni ya Twiga, ni mgodi wa chini ya ardhi tangu mwanzo. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinazitaka kampuni kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira na mafunzo. Kwa hiyo nafasi zipo, lakini zipo kwa wenye fani mahususi, na mgodi mmoja una fani nyingi.

Mjiolojia hutafuta na kupima mahali dhahabu ilipo. Shahada yake ni ya sayansi. Mhandisi wa madini hupanga namna ya kuufikia mwamba na kuutoa. Baada ya hapo kazi huhamia kwa mhandisi wa uchenjuaji, anayesimamia kusaga mawe, kuyeyusha dhahabu kwa sianidi na kuinasa kwa kaboni. Fani hii ya tatu haizungumzwi sana nyumbani, pengine kwa sababu jina lake halijazoeleka, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya wachimbaji wadogo wa ukanda huu. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita, ambako wachimbaji wadogo huonyeshwa uchenjuaji unaopata dhahabu nyingi zaidi bila kutumia zebaki. Mtu anayejua kwa nini marudio ya karasha bado yana dhahabu, na namna ya kuitoa kwa usalama, ana kazi mgodini na ana kazi nje ya mgodi. Masomo ya uhandisi wa madini na ya uchenjuaji yanatolewa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Zipo pia fani ambazo mgodi huzihitaji kila siku bila kuzibeba kwenye jina lake. Mitambo ya kusaga mawe haizunguki bila mhandisi wa umeme na wa mitambo. Mabwawa ya kuhifadhi mabaki ya uchenjuaji ni kazi ya wahandisi wa ujenzi na wa mazingira, na umuhimu wao ulionekana Novemba 2022, wakati ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope kufika kwenye makazi na mashamba.

Wahandisi hao hao wanahitajika nje ya uzio wa mgodi. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, inaingia mkoani Shinyanga na itaendeshwa kwa umeme. Wilayani Kishapu unajengwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika mikoa yote miwili. Daraja la Kigongo–Busisi, linalounganisha Misungwi na Sengerema katika barabara ya kwenda Geita, lilizinduliwa Juni 2025 na litahitaji ukaguzi na matunzo kwa muda wote wa uhai wake. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele yanasukumwa kwa pampu usiku na mchana. Mhandisi wa umeme aliyeanza kazi mgodini anaweza kuhamia kwenye reli au kwenye umeme wa jua bila kurudi darasani. Mhandisi wa madini naye anaweza kuhama, ila kwa kawaida atahamia mgodi mwingine, labda mkoa mwingine au nchi nyingine, na ni vizuri aliyechagua fani hiyo awe tayari kwa maisha ya namna hiyo.

Kwa upande wa kompyuta, kazi haifungwi na mahali. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, leseni za madini huombwa kwa mtandao, na halmashauri, hospitali na benki za Kahama na Geita zinaendeshwa kwa mifumo inayohitaji kulindwa na kurekebishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziongezea taasisi wajibu wa kuwa na watu wanaojua kutunza taarifa za wananchi. Pamoja na hayo, ushindani ni mkubwa, kwa kuwa fani hii inasomwa katika vyuo vingi na kwa ngazi zote kuanzia cheti.

Umbali, fedha na njia ya stashahada

Kwa masomo ya uhandisi, vijana wengi wa mikoa hii hulazimika kusafiri. Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, iliyopo Shinyanga, inajulikana zaidi kwa masomo ya ushirika na fedha. Kwa walio tayari kufika Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kimekuwa na masomo ya uhandisi wa ujenzi na umeme. Wengine huenda Dodoma, Dar es Salaam au Mbeya. Gharama ya umbali huo iingizwe kwenye hesabu mapema, ikiwa ni pamoja na wiki za mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo. Mwanafunzi anayepata nafasi ya mafunzo hayo Geita au Kahama anaweza kuishi nyumbani, na hiyo ni nafuu ya kweli.

Mkopo huombwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa maombi tofauti na yale ya udahili. Kupata chuo si kupata mkopo. Majina na namba za mtihani katika maombi yote mawili yanapaswa kulingana na yale ya vyeti, na nyaraka za wazazi au walezi ziwe zimehakikiwa kabla ya dirisha kufungwa. Mnufaika hurejesha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara anapoajiriwa. Kwa wenye ufaulu wa juu kabisa katika masomo ya sayansi upo Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unaogharamia masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba bila deni.

Ambaye pointi zake hazikutosha hana sababu ya kuachana na fani. Stashahada ya uhandisi, madini au kompyuta katika chuo kinachotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) hufungua mlango wa shahada kwa mwenye wastani wa alama usiopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imekuwa ikitolewa pia kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za nishati na madini. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini anayepita huko hufika chuo kikuu akiwa tayari ameshika vifaa, na waajiri wa migodini huwatafuta mafundi sanifu kama wanavyowatafuta wahandisi.

Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutumiwa namba maalumu ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Namba hiyo asipewe mtu mwingine, hata anayejitambulisha kuwa wakala wa chuo, na laini ya simu iliyotumika kwenye maombi isibadilishwe hadi shughuli iishe. Anayebaini baada ya kufika chuoni kwamba alikosea fani anaweza kuomba uhamisho katika kipindi kinachopangwa kwa ajili hiyo, kwa sharti kwamba ana sifa za programu anayohamia na kwamba nafasi ipo. Kwa yule mwenye E ya Hisabati, sharti lililomzuia mwanzo ndilo atakalokutana nalo tena katika dirisha la uhamisho.